Kibao Kilichoipenda Damu Yangu

Kwa karibu mwaka mzima, kila Jumatatu na kila Alhamisi, dada yangu alinidunga sindano mkononi akachukua damu ya kujaza kichupa kimoja chenye kifuniko cha zambarau. Tulifanya hivyo kwa mazoea, kama wanawake wengine wanavyosukana nywele. Nilikaa kwenye kiti cha plastiki, nikapandisha mkono wa sweta, naye akanifunga mpira juu ya kiwiko na kusema, "Kunja ngumi, Mwandishi."

Aliniita hivyo kwa utani. Nilikuwa nimeacha kazi ya ofisini ili niandike riwaya, na riwaya yenyewe ilikuwa haijafika popote. Yeye pia alikuwa ameacha kazi. Alikuwa mtaalamu wa maabara hospitalini kwa miaka tisa, akajiuzulu ili atengeneze kibao cha plastiki kisichozidi ukubwa wa kisanduku cha kiberiti. Mama alitupigia simu kutoka kwetu, magharibi mwa nchi, akasema kwamba amezaa wehu wawili, na Mungu kwa huruma yake amewaweka nyumba moja ili asihangaike kuwatafuta.

Nyumba hiyo ilikuwa mtaa wa Satellite, ghorofa ya tatu, vyumba viwili. Maabara ilikuwa mtaa wa kitajiri wa Kitisuru, nyuma ya jumba la watu, katika vile vyumba vya wafanyakazi ambavyo Nairobi nzima huviita SQ. Mlangoni palikuwa na kichaka cha waridi ambacho mwenye jumba alimkataza kila mtu kukigusa. Ndani palikuwa na meza mbili, friji ndogo, hadubini iliyonunuliwa kwa mkono wa tatu, na dada yangu katika koti jeupe ambalo mfuko wake ulikuwa na doa la wino lisilotoka.

Kazi ya kile kibao naweza kuieleza kwa sababu nilielezwa mara nyingi kuliko nilivyouliza. Vipimo vingi havihitaji damu nzima. Vinahitaji plazma, yale maji ya manjano ambamo chembe nyekundu huogelea. Ili kuyapata, maabara huiweka damu kwenye mashine inayozunguka kwa kasi hadi chembe zikazama chini na maji yakabaki juu. Mashine hiyo inataka umeme, na kwenye zahanati ya kwetu umeme huja kama mgeni, hauagi ukiondoka. Dada alitaka kitu ambacho muuguzi wa kule angekiweka mezani, akakisukumia damu kwa sindano, na plazma ikatoka yenyewe.

"Damu haitembei kama maji," aliniambia. "Zile chembe ni kama mlevi anayerudi nyumbani, zinapenda katikati ya barabara. Kandokando kunabaki maji matupu. Sasa ukichimba vijia vidogo pembeni, vyembamba sana, maji yanaingia huko na walevi wanapita na barabara yao."

Kwa hiyo kibao kilikuwa na mfereji mmoja wa katikati na vijia kumi na viwili vya pembeni. Kwenye tundu la mwisho la vijia hivyo tulingoja tone. Kama tone lilikuwa jekundu, kibao kilishindwa. Kama lilikuwa la manjano, kilifaulu. Katikati ya hayo mawili dada alikuwa na majina yake mwenyewe ya rangi, ambayo aliyaandika daftarini bila haya: rozela kwa lile jekundu kabisa, ukwaju, chai ya rangi, asali, hadi maji ya mchele.

Wafadhili waliotoa fedha za kuanzia walikuwa wamesema watakuja wenyewe kuona kibao kikifanya kazi kwa damu iliyotolewa siku hiyo. Wakiridhika, vibao vingetengenezwa vingi na kupelekwa kujaribiwa kwenye zahanati, pamoja na ile ya kwetu. Wasiporidhika, SQ ingefungwa mwisho wa mwezi. Dada hakuwa na mpango wa pili. Nilimuuliza mara moja, akaniangalia kama mtu aliyeulizwa atakula nini akishakufa.

Sehemu yangu, mbali na damu, ilikuwa kwenda River Road, katikati ya mji. Vibao vilichongwa huko, katika jengo la ghorofa nne lisilo na lifti, na fundi wa mihuri. Alikuwa mzee wa Mombasa, mwembamba, wa kofia ya kushonwa kwa mkono, ambaye jengo zima lilimwita Ami, yaani baba mdogo kwa desturi ya kwao. Alichonga mihuri ya machifu, ya makanisa, ya shule, ya vyama vya akina mama. Alikuwa na mashine ya leza ambayo dada, baada ya kuzunguka mji mzima, aligundua kwamba inaweza kuchonga mfereji unaokaribia wembamba wa unywele.

Vibao vya kwanza alivichonga vyote vikiwa vimegeuzwa, kulia kuwa kushoto. Dada aliporudi kulalamika, Ami alivitazama dhidi ya taa, akacheka hadi akakohoa.

"Muhuri huchongwa kinyume, mwanangu. Miaka thelathini nageuza maneno ya watu. Hata barua kwa mke wangu mkono wataka kuigeuza."

"Na yeye anazisomaje?"

"Kwa kioo. Ndiyo maana hajaniacha."

Kufika kwake ilibidi nipande ngazi zile. Mwanzo nilizipanda kwa pumzi moja. Kufikia katikati ya mwaka nilikuwa nasimama kila ghorofa, nikijifanya nasoma mabango ya vyumba vya kulala wageni. Moyo ulidunda masikioni. Nilijiambia ni uzee wa mtu anayekaa kitako siku nzima akiandika. Pia nilikuwa nimeanza kula odowa, yale mawe laini ya udongo yanayouzwa kwenye vibanda vya mboga na ambayo wajawazito huyapenda. Niliyapenda sana. Niliamka nikiyafikiria. Nilikuwa nayo mfukoni kama wengine wanavyobeba peremende.

Ami alisikia mlio wa meno.

"Watafuna nini, binti yangu?"

"Odowa."

"Mawe?"

"Ni udongo, Ami."

"Kwetu mwanamke akila udongo watu huanza kutafuta jina la mtoto."

"Hakuna mtoto."

"Basi tafuta daktari. Au ngoja nikununulie biriani, uache kula kuta za watu."

Nilicheka, nikachukua vibao vyangu vilivyofungwa kwenye gazeti, nikashuka. Neno lile la daktari nililiacha pale pale juu ya ngazi.

Ninapaswa kusema jambo ambalo sikulisema kwa mtu wakati ule. Damu yangu ya mwezi ilikuwa imebadilika. Ilikuja kwa siku nane, kisha kumi, na kwa wingi ambao ulinifanya nipange safari zangu za mjini kwa kufuata vyoo ninavyovijua. Lakini katika nyumba yetu kuna msemo kwamba wanawake wa ukoo wetu wana damu nyingi. Bibi alikuwa nayo, Mama alikuwa nayo, na Mama husema hivyo kwa fahari, kama mtu anayesifia kisima. Kulalamika kungekuwa sawa na kusema kisima chetu kina kasoro. Isitoshe, mtu mwenye damu nyingi ndiye anayefaa kutoa, na mimi nilipenda kufaa. Siku za riwaya kunikataa, angalau Jumatatu na Alhamisi kulikuwa na kitu changu kilichohitajika mahali fulani.

Na kibao kilikuwa kinaendelea vizuri. Hilo ndilo linaloniumiza hadi leo, jinsi tulivyokuwa na furaha. Mwanzoni tone lilikuwa rozela tupu. Dada akapunguza upana wa vijia, likawa ukwaju. Akabadilisha pembe ya vijia, likawa chai ya rangi. Akaongeza kona mbili kwenye mfereji wa katikati, likawa asali. Kila alipobadilisha kitu nilikwenda River Road, nikapumzika ghorofa tatu, nikarudi na kibao kipya, nikakunja ngumi, na tone likawa jepesi zaidi. Alhamisi moja lilitoka jeupe kabisa lenye manjano kidogo tu, na dada akashika uso wangu kwa glavu zake mbili akanibusu kwenye paji la uso.

"Maji ya mchele! Mwandishi, andika hiyo!"

Wiki hiyo hiyo aliiuza ile mashine ya kuzungusha damu aliyokuwa ameanza nayo kazi. Alisema kibao ambacho bado kinataka mashine ikae karibu nacho hakistahili kwenda popote. Nilimsaidia kuibeba hadi langoni, nikaketi juu ya jiwe kwa muda mrefu nikitweta. Askari wa lango akauliza kama ni mashine imenibeba mimi.

Wafadhili walipanga kuja Alhamisi. Jumatatu ya wiki hiyo, Ami alileta vibao vya mwisho mwenyewe. Leza yake ilikuwa imemsumbua, akachelewa siku mbili, na kwa kuwa aliahidi, aliona aibu kunifanya niende tena. Alifika Kitisuru amevaa koti, akautazama mtaa wenye ua wa miti na ukimya, akasema, "Huku ndege pekee ndio wapiga kelele. Watu wapo?"

Dada alimkaribisha kwa heshima zote, akamkalisha kwenye kiti changu. Mzee aliomba aone mito yake inavyopitisha maji. Akatazama mkono wangu, ambao tayari ulikuwa na alama za kijani na buluu kutoka wiki zilizopita.

"Huyu mtoto mumwache leo. Chukueni yangu."

"Ami, huogopi sindano?"

"Mimi nimeoa mara mbili, mwanangu. Sindano itanifanya nini?"

Dada akacheka, akamfunga mpira. Damu ya Ami ilitoka nyeusi nzito, nikafikiri ni kwa sababu ya mwanga wa dirishani. Dada akaiweka damu kwenye sindano, akaunganisha kibao, akawasha kimota cha betri kilichosukuma sindano taratibu. Tukainama wote watatu.

Mfereji wa katikati ukajaa. Kisha vijia vya pembeni, kimoja baada ya kingine, vikaanza kuwa vyekundu. Tone likatoka. Lilikuwa rozela, ile ya siku ya kwanza kabisa.

Dada alibadilisha kibao. Rozela.

"Ami, unavuta sigara?"

"Niliacha."

"Umekula nini leo?"

"Mahamri na mbaazi."

"Ni mafuta hayo," akasema, lakini hakuwa akimtazama.

Akatoka akamwita askari wa lango. Yule bwana akaja akiuliza kama damu yake itauzwa, na kama itauzwa, yeye ni mtu wa bei. Rozela. Dada akajifunga mpira mwenyewe kwa meno, akanipa pamba nimshikie, akajidunga. Rozela. Niliona mikono yake ikianza kufanya mambo kwa haraka isiyo ya kawaida yake. Akaniambia nikae. Ami akanyanyuka akanipisha. Akachukua yangu, akaiweka kwenye kibao kipya.

Maji ya mchele, safi, hadi tone la mwisho.

"Unaona?" nikamwambia. "Kibao ni kizima. Ni wao."

Sijui kwa nini nilifurahi. Nadhani nilifurahi kwa sababu kibao kilinipenda mimi peke yangu.

Dada alivisimamisha vichupa vinne kwenye kikapu chake cha waya, akasema tunywe chai kwanza. Tukatoka na vikombe tukakaa kwenye kizingiti. Ami alieleza jinsi alivyowahi kumchongea mchungaji mmoja muhuri wenye kosa, akaupiga kwenye vyeti vya ndoa kwa miezi miwili, na ndoa zote zikadumu. Askari alicheka. Dada hakucheka. Tulikaa karibu saa nzima.

Tuliporudi ndani, damu ilikuwa imetulia kwenye vichupa yenyewe, bila mashine. Katika kichupa cha Ami, juu kabisa, kulikuwa na mstari mwembamba wa manjano, upana wa ukucha. Cha askari vivyo hivyo. Cha dada vivyo hivyo. Changu kilikuwa cha manjano kupita nusu. Damu nyekundu ilikuwa imekaa chini, kidogo, kama mashapo ya kahawa.

Hata mimi nisiyejua chochote niliona.

Dada alinigeuza kuelekea dirishani, akavuta ngozi ya chini ya jicho langu kwa kidole gumba. Alitazama jicho moja, kisha la pili.

"Siku ngapi?" akauliza.

"Siku ngapi nini?"

"Ya mwezi. Inakuja siku ngapi?"

"Nane. Kumi. Wakati mwingine zaidi."

Ami aliyasikia hayo, akatoka nje bila kuambiwa, tukamsikia akianza kumuuliza askari kuhusu mvua.

"Na hukuniambia?"

"Si Mama husema sisi tuna…"

"Mama si daktari! Mimi ndiye niko na maabara! Unakaa kwa hicho kiti mara mbili kwa wiki, mimi nakutoa damu, halafu hukuniambia?"

"Hukuniuliza."

Nilisema tu kujitetea, lakini neno hilo lilimpata. Alikaa chini akafungua daftari. Kwenye ukurasa wa mwanzo, kwa mwandiko wake wa wiki ya kwanza, alikuwa amenipima wingi wa damu na kuandika kwamba niko sawa. Hakuwa amenipima tena. Akawa anafungua kurasa moja moja, kidole juu ya mstari.

"Kibao cha tano. Nilipunguza upana. Kikawa bora." Akafungua. "Cha nane. Nilibadilisha pembe. Kikawa bora." Akafungua. "Hapa nilibadilisha gundi tu. Gundi! Na bado kikawa bora."

Ndipo nilipoelewa. Damu yenye chembe chache haina walevi wengi barabarani, na kibao chochote kingeweza kuyapitisha maji yake pembeni. Vijia vyake, pembe zake, kona zake, havikuwa vimefanya lolote. Kilichokuwa kikibadilika mwaka mzima ni mimi.

"Ulikuwa unaisha," dada akasema, "na mimi naandika 'bora kuliko wiki jana.'"

Alinipeleka kwenye hospitali moja ndogo ya mjini mchana ule ule. Ami alikaa mbele kwenye teksi akimhimiza dereva kama mtu anayepeleka bibi harusi, akateremka njiani baada ya kunisomea dua fupi aliyoipuliza kuelekea kichwa changu. Hospitali ilikuwa na benchi refu na feni isiyozunguka. Daktari alikuwa mwanamke wa umri wa dada, mwenye sauti ya chini. Alirudi na karatasi ya kipimo akaniangalia mimi, kisha karatasi, kisha mimi.

"Uliingia hapa ukitembea?"

"Ndiyo."

"Kwa miguu yako?"

"Kwa miguu yangu."

Nambari ya damu yangu ilikuwa tano nukta nane, wakati mwanamke mzima hutakiwa kufika angalau kumi na mbili. Dada alifumba macho alipoisikia. Daktari akasema kuna uvimbe kwenye kizazi, uwezekano ni mkubwa, tutapiga picha tuone, lakini kwanza niongezwe damu leo, chupa mbili au zaidi, nilazwe.

Nilikuwa nimekwisha kulifikiria hilo tangu Kitisuru. Niliinua mkono kama mtoto darasani.

"Daktari, inaweza kungoja Ijumaa?"

"Ijumaa kuna nini?"

"Hakuna kitu Ijumaa. Alhamisi ndiyo kuna kitu."

Dada aligeuka kunitazama. Alielewa mara moja, kwa sababu ni dada yangu, na kwa sababu ndilo jambo ambalo yeye pia lilikuwa limeshampitia kichwani. Nikiongezwa damu, damu yangu ingekuwa kama ya watu. Nisipoongezwa, Alhamisi wafadhili wangeona maji ya mchele. Hakuna ambaye angeuliza ni ya nani.

Daktari alisema hashauri. Alisema huenda lisinipate lolote hadi Ijumaa, na huenda likanipata nikiinuka kwenye benchi hili. Kisha akaitwa mlango wa pili. "Ongeeni," akasema. "Narudi."

"Siku tatu tu," nikamwambia dada. "Nimeishi hivi miezi. Siku tatu ni nini?"

Aliinamisha kichwa. Mikono yake ilikuwa magotini, mmoja juu ya mwingine, na juu ya ukuta kulikuwa na bango la kufundisha watu kunawa mikono, picha sita, na mimi nikazisoma zote sita, nikaanza tena ya kwanza. Mama mmoja aliyekaa mwisho wa benchi alimpa mtoto wake maji. Mtoto akamaliza kikombe chote. Dada bado alikuwa ameinama.

Daktari akarudi.

"Aongezwe leo," dada akasema. Akasimama, akatoka nje, na nikamwona kupitia dirishani akisimama kando ya kibanda cha viatu bila kutazama viatu.

Waliniongeza chupa mbili usiku ule na ya tatu kesho yake. Damu ya mtu nisiyemjua ilishuka taratibu kwenye mrija, na mchana wa Jumanne nilihisi kitu ambacho nilikuwa nimesahau kwamba kipo, joto kwenye ncha za vidole. Nilikula wali na maharagwe nikaomba mengine. Nililia pia, lakini nilisema ni chumvi ya maharagwe.

Alhamisi nilikuwa Satellite, kitandani. Yaliyotokea Kitisuru nimeyapata kwa dada, na kwa Ami ambaye alikwenda kutoa mkono wake mara ya pili kwa hiari yake na ambaye huyasimulia vizuri zaidi. Wafadhili walikuwa watatu. Kichupa changu cha Jumatatu kilikuwa bado kwenye friji, na ingawa haikuwa damu ya siku hiyo, ilitosha kulinganisha. Dada alikitoa, akakiweka mezani karibu na cha Ami. Akapitisha vyote viwili mbele yao. Maji ya mchele upande huu, rozela upande ule. Kisha akawaeleza ni kwa nini.

Mmoja wao, mama mtu mzima wa miwani, alimuuliza, "Kwa nini hukumpima tena mtu wako?"

"Kwa sababu ni mdogo wangu," dada akajibu. "Namwona kila siku."

Ami anasema mama wa miwani aliliandika jibu hilo neno kwa neno.

Walimpa miezi mitatu zaidi, fedha pungufu kuliko zile alizotarajia, na sharti moja: watoa damu wawe watu wa nje, wapimwe kila wanapotoa, na asiwepo ndugu hata mmoja. Mama wa miwani alilisoma sharti hilo mara mbili. Dada akatia sahihi. Zahanati za magharibi zingengoja.

Ndivyo nilivyotoka katika kazi ile. Siku za Jumatatu na Alhamisi watu wengine hukaa kwenye kiti cha plastiki, bodaboda, wanafunzi, kijakazi wa jumba la mbele. Vijia vimechorwa upya kutoka mwanzo. Ami anachonga, na mtu mwingine ndiye anayevifuata vibao. Rangi ya tone, nikiuliza, ni kati ya rozela na ukwaju. Mimi natibiwa ule uvimbe, nameza vidonge vyangu vya chuma, napanda ngazi zetu bila kusimama. Tunakula pamoja jioni, tunazungumzia sukari na maji ya mfereji. Hatuna tena sababu ya kugusana.

Jumamosi moja tulikuwa juu ya paa tukianika nguo. Palikuwa na jua na upepo, na majirani walikuwa wamebanana kwenye kamba zote. Nilimuuliza nikiwa nimempa mgongo.

"Siku ile kwenye benchi. Ulikuwa unafikiria nini?"

Nilimsikia akikung'uta nguo moja, kisha nyingine.

"Nilikuwa napanga," akasema. "Teksi ya kukurudisha nyumbani. Usishuke hadi Alhamisi asubuhi. Jirani akae na wewe nikiwa kazini. Uingie Kitisuru kwa mlango wa nyuma, nikutoe damu ukiwa umelala, halafu teksi ile ile ikupeleke moja kwa moja hospitali, kabla hata wageni hawajanywa chai. Nilishajua hadi dereva nitakayempigia."

"Na?"

"Na niliona inawezekana. Haikuwa na tatizo popote." Akachukua kibanio kutoka mdomoni. "Hapo ndipo nikaogopa."

Nilimpa ncha moja ya shuka, nikashika nyingine, tukaikamua. Nilikuwa nimetaka jibu tofauti, ingawa sijui lipi. Kule nyumbani Mama huwaambia watu wa kanisa lake kwamba binti yake mkubwa, mbele ya daktari, aliinamisha kichwa akamwomba Mungu hadi akapata jibu. Mimi ndiye niliyemwambia kwamba aliinama. Hakuna kati yetu aliyemsahihisha.